Kijiti mkononi, urukususu kikombeni: jinsi miti shamba inavyogusa homoni

Ukipita Langoni, Lamu, asubuhi, au ukiingia soko la zamani la Malindi, utakuta sanamaki, habasoda, uwatu, manjano, urukususu, unga wa mlonge na vichupa vya mafuta visivyo na maandishi, vyote katika duka moja. Hatua chache mbele yupo mwenye kemisti anayeuza vidonge vya kupanga uzazi, P2 (kidonge cha dharura cha kuzuia mimba), dawa za presha na za tezi. Mteja ni yuleyule. Anarudi nyumbani na mfuko mmoja, na hakuna muuzaji aliyejua mwenzake ameuza nini.

Swali tunaloulizwa mara nyingi ni kama dawa fulani ya miti "ina homoni". Ni swali zuri, lakini linaacha nje hatari iliyo kubwa zaidi. Mmea usio na homoni hata chembe unaweza kuzipunguza au kuzilimbikiza homoni mwilini mwako, kwa sababu unagusa vimeng'enya vinavyoziondoa. Ukitaka kuelewa nani ameathirika na nani yuko salama, tazama kasi: je, mmea huu unaharakisha uondoaji, au unauchelewesha?

Estrojeni, projesteroni na kotisoli huvunjwa zaidi kwenye ini, kwa hatua mbili. Kwanza vimeng'enya vya jamii ya CYP, na mkuu wao kwa kazi hii ni CYP3A4, huzibadilisha umbo. Kisha vimeng'enya vingine huzifunga na asidi ya glukuroni au salfeti ili ziyeyuke majini na kutoka kwa mkojo au nyongo. CYP3A4 imo pia katika ukuta wa utumbo mwembamba. Ndiyo sababu estrojeni ya kidonge cha uzazi, ethinilestradioli, hupungua kabla ya kuingia kwenye mzunguko wa damu: inayofika ni chini kidogo ya nusu ya ile iliyomezwa. Kidonge cha kawaida kina mikrogramu 30 tu. Ukibadilisha kidogo kazi ya utumbo na ini, umebadilisha dozi bila kugusa pakiti.

Tuanze na mimea inayoharakisha, maana hiyo ndiyo inayoleta mimba zisizotarajiwa. Mbaya kuliko yote kwa jambo hili hauoti Lamu wala Malindi, bali unafika kwa mizigo ya wageni. Ni mmea wa Ulaya unaouzwa kama vidonge vya kuondoa huzuni na kuleta usingizi. Kwenye boksi la Italia utaandikwa "iperico", kwenye boksi la Ujerumani "Johanniskraut", na jina lake la kisayansi ni Hypericum perforatum. Malindi, mji wenye Waitaliano wengi, vidonge hivi hupitishwa kwa wafanyakazi na majirani kama zawadi ya kawaida, kwa sababu kwao hununuliwa bila cheti cha daktari. Ndani yake mna haiperforini, inayoamsha swichi ya ini iitwayo PXR, na swichi hiyo huliamuru ini litengeneze CYP3A4 zaidi.

Kutengeneza kimeng'enya kipya kunachukua muda. Athari huanza baada ya siku chache, hufikia kilele karibu na wiki ya 2, na ukiacha dawa haiondoki siku hiyo. Kwa hiyo ushauri ni kutumia kinga nyingine, kama kondomu, muda wote wa dawa na siku 28 baada ya kuiacha. Wengi hukosea hapa. Mtu anakunywa kwa mwezi, anaacha, anajiona salama wiki hiyohiyo, huku ini bado linachoma homoni kwa kasi ya juu.

Kijiti cha uzazi, kile kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, kinahitaji maelezo yake peke yake, kwa kuwa wanaokitumia huambiwa kwamba hakiingiliwi na chochote. Kijiti kimoja cha etonojestreli, homoni ya kuzuia mimba, kina miligramu 68 na hukaa miaka 3. Katika wiki ya 5 na ya 6 hutoa mikrogramu 60 hadi 70 kwa siku. Mwisho wa mwaka wa 3 hutoa 25 hadi 30 tu. Kinafanya kazi vizuri mpaka mwisho kwa mtu ambaye ini lake linakwenda kwa mwendo wake wa kawaida, lakini ziada iliyokuwepo mwanzoni imekwisha. Mwenye kijiti cha mwaka wa 3 anayeanza iperico, au anayeanza rifampisini ya kifua kikuu, hana nafasi ya kupoteza homoni. Vijiti viwili vya levonojestreli vimo katika hali hiyohiyo. Sindano ya Depo ya miligramu 150 haimo: kiwango chake ni kikubwa, na ini tayari huiondoa kwa kasi ya juu kabisa inayoruhusiwa na mtiririko wa damu, kwa hiyo kuongeza vimeng'enya hakubadilishi kitu. Kitanzi cha shaba hakina homoni, hivyo hakihusiki kabisa.

Dalili ya kutazama ni damu inayobadilisha mwenendo wake. Kijiti chenyewe huleta matone ya ovyoovyo, na hilo si ajabu. Kinachotia shaka ni mtu aliyetulia miezi mingi kisha anaona matone wiki 2 au 3 baada ya kuanza dawa mpya. Pima mimba wiki 3 baada ya tendo la mwisho lisilo na kinga, si mapema zaidi, maana kipimo cha mapema kinaweza kusema hakuna wakati ipo.

Na P2? Ina levonojestreli, miligramu 1.5 kwa jumla, na nayo huvunjwa na CYP3A4. Kwa mtu aliyetumia kiharakishi ndani ya wiki 4 zilizopita, kinachoaminika zaidi ni kitanzi cha shaba kiwekwe ndani ya siku 5. Kikikosekana, Uingereza tangu 2016 wanashauri dozi maradufu, miligramu 3. Usijiamulie kaunta, mwambie mfamasia ulichokunywa, naye akupe.

Chai ya artemisia nayo imo kwenye kundi hili, ingawa si kali kama iperico. Artemisinini huamsha vimeng'enya vya ini, CYP2B6 na kwa kiasi CYP3A4, mpaka yenyewe inajiharakishia kuondoka: ukiinywa mfululizo siku 5 hadi 7, kiwango chake cha damuni hushuka sana. Hiyo ni sababu mojawapo ya chai kutoaminika kwa malaria, na Shirika la Afya Duniani haliiungi mkono kama tiba. Mwenye malaria amalize vidonge vyake vya siku 3 bila kusita. Anayekunywa chai hii kila siku "kwa kinga" huku anategemea kidonge cha uzazi ndiye anayepaswa kuiacha.

Upande wa pili ni mimea inayochelewesha. Hii haihitaji wiki mbili. Glasi ya kwanza inatosha. Balungi ndilo mfano uliochunguzwa kuliko mingine. Mwaka 1989 watafiti wa Kanada waliokuwa wakipima pombe pamoja na dawa ya presha walitumia maji ya balungi kuficha ladha ya pombe, wakakuta dawa imepanda damuni kupita kiasi. Furanokumarini za tunda hilo huharibu CYP3A4 ya utumbo, haziizuii kwa muda tu, hivyo utumbo lazima uitengeneze upya, kazi ya siku 1 hadi 3. Kunywa balungi asubuhi na kidonge jioni hakusaidii, ndiyo maana "nitatenganisha saa" si jibu hapa. Danzi lina kemikali hizohizo. Chungwa tamu na chenza hazina shida hii.

Kwa estrojeni ya kidonge, balungi hupandisha kiwango takriban robo hadi theluthi. Kwa mwanamke kijana mwenye afya hilo huishia kwenye matiti kuuma na kichefuchefu. Kwa mwenye hatari ya damu kuganda ni jambo jingine. Mwaka 2009 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu mwanamke wa miaka 42 aliyepata bonge la damu mguuni akitumia kidonge, baada ya kuanza kula balungi kila asubuhi. Alikuwa pia na kasoro ya kurithi ya kuganda damu na alikuwa ametoka safarini. Balungi halikuwa sababu peke yake, liliongeza uzito upande uliokuwa tayari umeinama. Mvutaji sigara aliyepita miaka 35, au mwenye presha, hafai kutumia kidonge chenye estrojeni hata bila balungi.

Habasoda inapendwa, na kwa wingi wa kijiko kimoja kwenye mkate au asali hatuna la kulalamika. Tatizo linakuja kwa mgonjwa mmoja hasa: mwanamke wa saratani ya matiti anayetumia tamoksifeni. Dawa hii huziba mahali estrojeni inapokaa kwenye seli, lakini nguvu yake kubwa hupatikana baada ya ini kuigeuza kuwa endoksifeni, na mgeuzaji ni CYP2D6. Habasoda kwa dozi ya gramu kadhaa kwa siku imeonekana kwa watu kuchelewesha CYP2D6 na CYP3A4. Ndugu wanapomletea mgonjwa mafuta ya habasoda kwa nia njema, wanaweza kuwa wanaizuia tamoksifeni isigeuke kuwa kile kinachomlinda. Manjano ya vidonge nayo imo: jaribio la Uholanzi la 2019 lilionyesha kukumini pamoja na piperini ikipunguza endoksifeni kwa zaidi ya asilimia 10. Manjano ya mchuzi ni kidogo na haifyonzwi vizuri. Tunazungumzia vidonge vya dozi kubwa, hasa vilivyochanganywa na pilipili manga.

Pilipili manga ndiyo inayobadilisha mambo, maana piperini yake huzuia ile hatua ya pili ya kufunga na asidi ya glukuroni. Mwaka 1998 miligramu 20 tu za piperini zilipandisha ufyonzaji wa kukumini kwa asilimia 2000. Mama aliye kwenye arobaini anayekula kuku wa pilipili manga asinyimwe chakula chake kwa sababu hii. Kuchelewesha uondoaji hakudhoofishi kijiti wala sindano. Lakini akiwa anatumia dawa ya kifafa, kama fenitoini, amweleze daktari, kwa sababu piperini hupandisha kiwango chake damuni.

Sasa urukususu, mizizi mitamu ya kikohozi na koo. Huu tunaupa nafasi kubwa kwa sababu madhara yake hutibiwa kama ugonjwa mwingine kabisa.

Kotisoli na homoni nyingine, aldosteroni, zinaweza kukaa kwenye kipokezi kimoja cha figo, kile kinachoamuru chumvi ibaki mwilini na potasiamu itoke. Kotisoli ni nyingi damuni mara mia na zaidi kuliko aldosteroni. Ingeachiwa, ingekikalia kipokezi hicho mchana na usiku. Hilo haliwi kwa sababu seli za figo zina kimeng'enya, 11-beta-HSD2, kinachosimama kama bawabu mlangoni na kuigeuza kotisoli kuwa kotisoni, ambayo haiwezi kukaa pale. Asidi ya glisiretiniki, inayotokana na utamu wa urukususu uitwao glisirizini, humfunga bawabu huyo. Kotisoli inaingia. Chumvi na maji vinabaki, potasiamu inamwagika kwenye mkojo, presha inapanda. Ukipimwa aldosteroni utakutwa iko chini, na daktari asiyeuliza kuhusu dawa za miti atatafuta sababu kila mahali isipokuwa kikombeni.

Dalili huja kwa mpangilio huu mara nyingi: kichwa kuuma na miguu kuvimba, kisha misuli kulegea, hasa mapaja wakati wa kupanda ngazi, kisha moyo kupigapiga vibaya. Kiwango kinachotajwa kuwa salama kwa watu wazima wengi ni hadi miligramu 100 za glisirizini kwa siku. Mizizi hutofautiana sana, lakini ukichukulia asilimia 5, gramu 2 za unga zinafika hapo. Hicho ni kijiko kimoja cha chai. Anayechemsha vijiko 3 kila siku kwa ajili ya kikohozi kisichoisha amepita mbali, na akiendelea zaidi ya wiki 2 anajiweka hatarini.

Wanaoumia haraka ni hawa: mwenye presha, mgonjwa wa moyo au figo, na yeyote anayekunywa dawa ya kukojoza kama haidroklorothaiazaidi au furosemidi, kwa kuwa nazo humwaga potasiamu. Mwenye kutumia digoksini, dawa ya moyo, yuko pabaya zaidi, maana potasiamu ikishuka digoksini hugeuka sumu ya moyo. Mwenye kutumia prednisoloni, dawa inayoiga kotisoli, atakuta nayo inakaa muda mrefu mwilini, kwa kuwa urukususu huchelewesha uondoaji wake. Na mjamzito asiuguse: kondo la nyuma lina kimeng'enya hichohicho kinachomkinga mtoto na kotisoli ya mama, na Finland tangu 2016 inawashauri wajawazito waepuke. Ukiacha, figo huweza kuchukua hadi wiki 2 kurudi sawa, hivyo presha iendelee kupimwa. Omba pia kipimo cha potasiamu. Chini ya milimoli 3.5 kwa lita ni upungufu. Usijitibu kwa ndizi na madafu huku ukiendelea kunywa kilichosababisha.

Sanamaki na subili haziendi kwenye ini kwanza. Zinasukuma utumbo. Anayesafisha tumbo kwa sanamaki na kuharisha vibaya kwa zaidi ya saa 24 ajihesabu kama aliyekosa kidonge cha siku hiyo, na afuate maelezo ya pakiti ya vidonge vilivyorukwa. Akitapika ndani ya saa 3 baada ya kidonge, ameze kingine. Kijiti, sindano na kitanzi havijali hali ya tumbo. Sanamaki ya kila siku pia humwaga potasiamu, kwa hiyo ikiungana na urukususu katika mchanganyiko mmoja wa "kusafisha damu", na wapo wanaouuza hivyo, mgonjwa wa presha anapigwa pande mbili.

Kuhusu tezi ya shingo, muhogo ndio unaotajwa. Muhogo mchungu ukivunjwa mwilini huacha thiosayaneti, inayogombania na iodini mlango wa kuingia kwenye tezi. Penye iodini ya kutosha haileti rovu. Kwa hiyo jambo la kuangalia ni chumvi. Chumvi ya mawe inayotoka moja kwa moja kwenye mabwawa ya Gongoni na Marereni, kabla ya kiwanda kuitia iodini, haina iodini ya maana ingawa imetoka baharini. Nunua ya pakiti iliyoandikwa imetiwa iodini, itie mwishoni mwa mapishi, na muhogo mchungu umenywe, uloweshwe siku 3 na kukaushwa juani.

Anayetumia kidonge cha thairoksini, homoni ya tezi ya shingo, ana tatizo la ufyonzaji zaidi kuliko la kuvunjwa. Unga wa mlonge una kalsiamu nyingi, takriban gramu 2 katika gramu 100, na kalsiamu hukishika kidonge tumboni. Tenganisha kwa saa 4. Uwatu uliolowekwa una utelezi unaochelewesha dawa kufyonzwa, nao pia upelekwe mbali. Kidonge kimezwe kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai, kahawa na mahamri. Mwezi wa Ramadhani wengi hukimeza pamoja na daku na dozi inapotea. Wakati mzuri ni usiku, zikiwa zimepita saa 3 tangu mlo wa mwisho, ama uamke mapema nusu saa kabla ya daku.

Limebaki jambo moja linaloudhi. Katika nchi nyingi dawa za "mitishamba" za viungo, pumu na kunenepa zimekutwa zimetiwa kwa siri deksamethasoni au prednisoloni, dawa zinazoiga kotisoli. Dalili ni nafuu ya haraka mno, njaa kali na uso kuvimba mviringo ndani ya wiki chache. Ukishuku, na umetumia zaidi ya wiki 3, usiache ghafla peke yako. Tezi za adrenali, zinazotengeneza kotisoli, zitakuwa zimelala, na kukosa kotisoli ghafla huleta kutapika, kizunguzungu na presha kuanguka. Nenda hospitali na kichupa chenyewe, upunguziwe dozi kwa mpango.

Unapokwenda kliniki, kwa jambo lolote kati ya haya, sista anahitaji vitu vichache: sehemu ya mmea (mzizi, jani, mbegu au mafuta), imeandaliwa vipi, kijiko kipi na mara ngapi, tarehe uliyoanza na uliyoacha, pamoja na pakiti za dawa zako zote. Tarehe ya kuacha ni muhimu kama ya kuanza, kwa sababu ya zile siku 28. Jina peke yake halitoshi, kwani jina moja Pate huweza kuwa mmea mwingine Mambrui. Kama ni unga, beba kidogo kwenye karatasi. Kama ni mti unaouchuma mwenyewe, leta kitawi chenye ua au tunda. Jani tupu mara nyingi haliutambulishi.